Volubilis: nani hasa aliujenga mji ule, na kwa nini Warumi waliuacha?

#1 Bara na Pwani

Wakuu, salaam.

Desemba iliyopita nilikuwa Fez, Moroko, kuishangilia Stars ikicheza na Nigeria. Kesho yake nikajiunga na safari ya kundi ya siku moja: asubuhi magofu ya Volubilis, mchana mji wa Moulay Idriss, alasiri Meknes, usiku tunarudi Fez. Basi dogo, wageni wa kila taifa, Mbongo peke yangu.

Mji wenyewe sina la kuulaumu. Mnapita mashamba ya mizeituni, mara nguzo hizo zimesimama katikati ya majani mabichi, na juu ya nguzo za basilika, ukumbi wa shughuli za mji wa Kirumi, korongo wamerundika viota vyao. Nyumba za matajiri zina sakafu za vijiwe vya rangi: pomboo, Orfeo akiwapigia wanyama kinubi, na mtu mmoja aliyepanda mnyama huku amegeukia mkiani, kombe mkononi. Huyo nilimtazama hadi wenzangu wakaniacha.

Kilichoniuma ni maelezo. Mwongozaji tuliyekabidhiwa langoni alikuwa mchangamfu, lakini hadithi yake nzima ni hii: Warumi walikuja, wakajenga mji, mwaka 285 wakaondoka, mji ukafa. Nikamuuliza, wenyeji walikuwa wapi muda wote huo? Akanijibu kwamba walikuwa wachungaji huko milimani, wengine watumwa. Sijauliza la pili, dereva akapiga honi. Saa yetu moja imekwisha, haya, twende.

Mimi sikubali kwamba mji mkubwa namna ile ndani ya Afrika ulijengwa wenyeji wakiwa wamekaa pembeni wakitazama. Wanaojua watuambie: ulijengwa na nani, na Warumi waliondoka kwa lipi?

#2 Tui la Nazi

Uzi wa magofu bila picha ni chai. Na pole kwa zile 2-1.

#3 Mkaa Meknes

Mimi nipo Meknes kimasomo, kutoka hapa hadi magofuni ni kama kilomita 30. Wikiendi nikichoka na vitabu huwa naenda kukaa tu kule.

Hiyo "mji ukafa" waifute kabisa. Kilichoondoka mnamo 285 ni serikali ya Roma: gavana, jeshi, watoza kodi. Raia walibaki. Yako mawe ya makaburi yaliyochongwa kwa Kilatini baada ya hapo, na la mwisho linalojulikana ni la mwaka 655. Piga hesabu, ni miaka 370 watu wanazaliwa, wanazikana na wanaandika majina ya marehemu wao, katika mji ambao mwongozaji anasema ulikuwa maiti.

Kisha mwaka 788 anafika Idris bin Abdallah, kitukuu wa Imam Hassan, anawakimbia watawala wa ukoo wa Bani Abbas baada ya kushindwa vita vya Fakh karibu na Makka. Anapokelewa na nani? Na kabila la Awraba, Waamazigh (Waberberi, wenyeji wa Afrika Kaskazini), hapo hapo Volubilis, ambapo kwa Kiarabu wanapaita Walili. Dola ya kwanza ya Kiislamu ya Moroko ilianzia pale. Sasa mkimbizi yule alipokelewa na nguzo?

#4 Kalamu Nyekundu

Mkaa Meknes kajibu nusu ya pili, mimi nichukue ya kwanza. Nafundisha historia sekondari na hili somo nalipenda mno, mtanivumilia.

Mji ulikuwepo kabla ya Warumi. Yamepatikana maandishi ya Kipuniki, lugha ya Karthago, yanayoonyesha kwamba mji ulikuwa na mahakimu wake wa aina ya Kikarthago. Tunazungumzia karne ya 3 KK. Mwaka 25 KK Kaizari Augusto akamweka Juba II kuwa mfalme wa Mauretania. Huyu ni Mwafrika, mwana wa mfalme wa Numidia, alilelewa Roma, msomi hasa. Mkewe ni Cleopatra Selene, binti wa Cleopatra wa Misri na Marko Antonio. Mji ulikua sana enzi za Juba.

Mwanawe, Ptolemy, akaitwa Roma na Kaligula, akauawa mwaka 40 BK. Nchi ikawaka moto, uasi ukaongozwa na Aedemon, mtumwa aliyeachwa huru na yule mfalme. Hapo ndipo anaingia mtu ambaye kila mwongozaji angetakiwa kuanza naye: Marcus Valerius Severus. Jina la Kirumi, sivyo? Lakini jiwe lenye maandishi yake pale mjini linasema yeye ni mwana wa Bostar, na Bostar ni jina la Kipuniki. Mkewe ni Fabia Bira, binti wa Izelta, jina la Kiafrika kabisa. Severus aliongoza askari wa mji upande wa Roma dhidi ya Aedemon, kisha akaenda kwa Kaizari Klaudio akawaombea watu wake. Akarudi na uraia wa Kirumi kwa mji mzima na msamaha wa kodi wa miaka 10.

Hao ndio "Warumi" waliojenga, mkuu #1. Ni akina Bostar na Izelta.

#5 Bara na Pwani

Kalamu, ahsante sana. Yaani hilo jiwe lipo na hatukuonyeshwa? Tulisimamishwa kwenye jiwe la uume watu wapige picha wacheke, dakika kumi zikaishia hapo.

#6 Jirani wa Eldoret

Wadau, huyo Ptolemy si ndiye aliyeandika habari za Rhapta, ule mji wa kale wa pwani yenu huko Tanzania? Kumbe alikuwa jamaa wa Moroko.

#7 Kalamu Nyekundu

Hapana, jirani. Wa Rhapta ni Klaudio Ptolemy wa Aleksandria, mwanajiografia wa karne ya 2 BK. Huyu wa Mauretania ni mfalme, na alishauawa miaka mingi kabla ya mwenzake kuzaliwa. Jina alilipata upande wa mama, kwa wafalme wa Misri.

#8 Jirani wa Eldoret

Sawa mwalimu. Usinipeleke kona tu, mimi nilikaa nyuma darasani.

#9 Nyuki wa Tabora

Mimi ni mtu wa hesabu, hadithi za mashujaa sizipuuzi ila naangalia pesa. Mliofika kule mmeona kulikuwa na vinu vya zeituni vingapi? Zaidi ya 50 ndani ya kuta za mji! Ule ulikuwa mji wa mafuta. Taa mafuta, mapishi mafuta, hamamu mafuta. Na ngano ya bonde lile.

Karne ya 3 Dola ya Roma iliugua. Makaizari waliuana na kupokezana kiti, sarafu ya fedha ikachanganywa shaba hadi ikakosa thamani. Sasa angalia ramani: Mauretania Tingitana, jimbo la Roma lenye Volubilis, imejitenga, upande wa mashariki milima na makabila, barabara ya nchi kavu ya uhakika hadi jimbo jirani hakuna, kila kitu lazima kipitie baharini. Kulinda kona ile kulikuwa hasara. Kaizari Diocletian alipopanga upya dola, kipande cha kaskazini kilichobaki, Tangier na jirani zake, kilitiwa chini ya Hispania. Walifunga tawi lisilolipa. Hakuna siri nyingine.

#10 Shungi

Nyuki, hilo "walifunga tawi" ndiyo kuwapamba. Walifukuzwa. Mwaka 168 au 169, chini ya Marko Aurelio, walijenga ukuta wa zaidi ya kilomita 2 kuuzunguka mji, wenye malango 8. Mtu asiye na adui hajengi ukuta wa namna hiyo. Wabaquates, kabila la wenyeji, walikuwa nje wanasubiri siku yao, na siku ikafika.

#11 Kalamu Nyekundu

Shungi, tatizo la "walifukuzwa" ni zile madhabahu za amani. Magavana wa Roma na machifu wa Wabaquates walikuwa wakikutana, wanakubaliana, kisha inasimamishwa madhabahu yenye maandishi ya mkataba. Ziko kadhaa, na ya mwisho ni ya mwaka 280. Miaka mitano kabla ya kuondoka bado wanashikana mikono! Na palipochimbwa, haijaonekana tabaka la majivu la mji uliotekwa na kuchomwa moto wakati ule.

#12 Shungi

Mkataba wa amani unaandikwa na nani na nani? Na watu waliokuwa wakipigana. Sijashawishika.

#13 Fundi Chokaa

Assalaam alaykum. Mimi ni fundi wa chokaa na mawe, kazi zangu ni nyumba za kale za Mji Mkongwe. Nilibahatika kufika Volubilis na wenzangu wa fani. Nyote mnazungumzia serikali na vita, mimi nawaulizeni: maji?

Mji ule ulinyweshwa na mfereji uliotoka chemchemi za mlima wa nyuma, Zerhoun. Maji yalipita mitaani, yakaingia hamamu na majumba makubwa. Baada ya Warumi mfereji ukafa, pengine kwa tetemeko la karne ya 4. Ndipo watu wakahama nyumba za juu, zile zenye sakafu za picha, wakashuka upande wa magharibi karibu na mto. Ukiona tao na basilika, pale walipageuza mava. Kwa hiyo kuna kuhama kwa serikali na kuna kuhama kwa wakazi, ni mambo mawili. La pili lilifuata maji.

Na la vinu, Nyuki kasema kweli lakini kapita mbio. Kitazameni kimoja vizuri mkienda. Kuna jiwe la kusagia linalozungushwa na punda, mithili ya vile vinu vya ufuta vya ngamia walivyokuwa navyo wazee wetu Unguja na Lamu. Zeituni zikishasagwa zinakuwa uji mzito, unatiwa kwenye vikapu bapa vya nyasi, vikapu vinapangwa kimoja juu ya kingine juu ya jiwe lenye mfereji wa duara. Gogo refu linavilalia, ncha moja imetiwa ukutani, nyingine inavutwa chini kwa jiwe zito. Maji na mafuta vinatiririka pamoja hadi kwenye birika, vinaachwa vitulie, mafuta yanapanda juu, yanachotwa. Yale mashimo ya mraba ukutani ambayo wageni huyaona ya kutupia takataka ndiyo yalikuwa yakishika lile gogo.

#14 Bara na Pwani

Fundi, mimi nilipita kando ya hayo mashimo bila kujua. Swali jingine: mwongozaji alimwaga chupa ya maji juu ya sakafu ya Orfeo, rangi zikawaka kweli kweli, watu wakapiga makofi. Ni sawa ile?

#15 Fundi Chokaa

Si sawa hata chembe, na naomba mnaokwenda mumkataze kwa adabu. Vijiwe vile vimeshikwa na chokaa. Maji yakiingia yanayeyusha chumvi za chini, jua likikausha chumvi inapanda na kuganda kati ya jiwe na chokaa, inasukuma. Leo huoni kitu. Akija mwingine kesho akamwaga, na mwingine, mwisho kijiwe kinang'oka chenyewe. Sakafu zile zimeachwa nje kwenye jua na mvua tangu zilipofukuliwa, zimeshapauka vya kutosha. Rangi za dakika mbili hazina thamani hiyo.

#16 Mkaa Meknes

Nakuunga mkono. Siku hizi waangalizi wanapuliza filimbi ukivuka kamba, lakini kundi likiwa kubwa hawawezi kuona kila chupa.

#17 Tui la Nazi

Mimi nililoliona kwenye picha za watu ni lile tao. Miaka 1,800 limesimama! Sisi kalvati ya masika iliyopita imeshaondoka na mto.

#18 Fundi Chokaa

Halikusimama miaka yote hiyo, Tui. Lilijengwa mwaka 217 kwa heshima ya Kaizari Karakala na mama yake Julia Domna, lakini uliloliona lilisimamishwa upya na Wafaransa kati ya 1930 na 1934 kwa mawe yaliyokuwa yamelala chini. Ukilikaribia utaona wapi jiwe la kale, wapi limejaziwa.

#19 Kalamu Nyekundu

Na Karakala mwenyewe aliuawa mwaka huo huo 217. Mji ulikuwa unamshukuru kwa kuwasamehe kodi, shukrani ikamkosa. Baba yake, Septimius Severus, alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo. Wanaosema Afrika ilikuwa inatawaliwa tu na Roma wakumbuke kwamba kwa muda Roma ilitawaliwa na familia ya Kiafrika.

#20 Binti Kizimkazi

Mimi na mume wangu tulikwenda tukitokea Maskati. Sisi mwongozaji wetu alisema tao liliangushwa na Sultani Moulay Ismail, aliyebeba mawe yote kujengea Meknes. Alituonyesha hata nguzo za marumaru za lango la Bab Mansour, akasema hizo zimetoka Volubilis. Ni kweli?

#21 Mkaa Meknes

Dada, kuchukua mawe ni kweli, hilo kila mtu hapa anakiri. Moulay Ismail alitawala 1672 hadi 1727 na alikuwa na njaa ya mawe isiyoshiba. Lakini tao hakuliangusha yeye. Mwingereza mmoja, John Windus, alipita mwaka 1721 akachora magofu, na katika mchoro wake tao na basilika bado vinaonekana vimesimama kwa sehemu kubwa. Kilichomaliza kazi ni tetemeko la 1755, lile lililoibomoa Lisbon.

#22 Shungi

Windus kachora 1721, Ismail kafa 1727. Miaka sita ya kuchukua mawe hiyo bado ipo. Na lango lenyewe lilimalizwa na mwanawe mwaka 1732. Msimtoe Sultani hatiani haraka hivyo.

#23 Mkaa Meknes

Ha ha, Shungi, wewe ungefaa kuwa wakili.

#24 Binti Kizimkazi

Nilipenda kuliko vyote Moulay Idriss. Kaburi la Idris liko pale, tukaingia kusoma Fatiha, wenzetu wasio Waislamu wakasubiri nje kwenye gogo linalozuia njia. Halafu upo mnara wa msikiti wa duara, umezungushiwa vigae vya kijani vyenye aya za Qur'ani. Minara ya Moroko ni ya mraba, huo ni wa peke yake.

#25 Mkaa Meknes

Ndiyo, ni wa mwaka 1939. Ukipanda kibarazani juu ya mji unayaona magofu kule bondeni. Ndiyo njia nzuri ya kuelewa: wakazi walihama kilomita chache tu, hawakupotea duniani. Na mwana wa Idris, Idris II, akaupeleka utawala Fez. Waliovutwa na Fez ndio walioipunguza Walili. Kwangu hilo ndilo jibu la nani aliuua mji, kama ni lazima kuwe na muuaji.

#26 Jirani wa Eldoret

Hapo sasa. Mnaozungumza haya yote, sisi Gedi na nyinyi Kilwa tuliambiwa hivyo hivyo. Walikuja wageni, wakajenga misikiti, wakaondoka, msitu ukaingia. Kila gofu la Afrika lina mgeni aliyelijenga.

#27 Kalamu Nyekundu

Jirani leo umekaa mbele. Na kamba inayoziunganisha sehemu hizi ipo kweli: Ibn Battuta alikuwa mtu wa Tangier, Tingis ile ile iliyolipa jimbo jina la Tingitana. Mwaka 1331 alifika Kilwa, akawakuta watu wake weusi, akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri. Shahidi wa macho aliona mji wa wenyeji wake, lakini karne ya 20 ikaja na vitabu vya shule vilivyosema vingine. Volubilis nayo ilianza kuchimbwa kwa upana na Wafaransa mwaka 1915, chini ya Louis Chatelain, Moroko ikiwa chini ya himaya yao. Walipendelea kuona Roma, kwa sababu nao walijiona warithi wa Roma. Wakafukua tao, basilika na majumba, tabaka za Kiislamu wakazipita juu juu. Hadithi aliyoisikia mkuu #1 ina mizizi huko.

#28 Nyuki wa Tabora

Hili nakubali bila ubishi. Ila sidhani mwongozaji wa langoni ana ajenda ya Wafaransa. Ana saa moja, kundi la watu wa lugha tatu, na dereva anayetaka kuwahi Meknes. Atasema kinachokaa kwenye saa moja.

#29 Kitasa

Nilikuwa nasoma kimya kimya. Natarajia kwenda mwezi wa nne na mama yangu, ana umri na magoti yanamsumbua. Bora safari ya kundi au tujipeleke?

#30 Mkaa Meknes

Kwa mama usichukue kundi. Pandeni treni Fez hadi Meknes, haifiki saa nzima. Pale Meknes mkodi teksi nzima, mpatane mapema na dereva kwamba anawasubiri magofuni angalau saa mbili na kwamba bei ni ya kwenda na kurudi. Langoni chukueni mwongozaji mwenye kitambulisho, na mwambieni kabla ya bei mnataka nini: jiwe la Severus, vinu, na makazi ya Kiislamu upande wa mtoni. Akionekana hajui, shukuruni, muiteni mwingine.

Njia ni za mawe yasiyo sawa, mama avae viatu vya kubana vizuri. Basilika na tao viko pamoja, hapo atatosheka. Ule mtaa mkuu unaopanda hadi Lango la Tangier aache, unachosha na kivuli hakuna. Mwezi wa nne maua yamejaa na jua halijawa kali, nendeni asubuhi.

#31 Binti Kizimkazi

Mchukulie na kofia na maji ya kutosha, ya kunywa, si ya kumwagia Orfeo.

#32 Kitasa

Ahsanteni sana wote. Mungu awabariki.

#33 Nyuki wa Tabora

Kalamu, nimerudia #11. Hizo madhabahu, kama amani ilikuwa ya kweli, kwa nini iandikwe upya mara kwa mara?

#34 Kalamu Nyekundu

Kwa sababu mkataba ulifungwa kati ya gavana fulani na chifu fulani. Mmoja akiondoka au akifa, wanaofuata wanafunga wao. Ni desturi ya heshima, si dalili ya vita.

#35 Shungi

Au ni kwamba kila chifu mpya alikuwa anapandisha bei. Nyuki, hapo si ndipo pesa yako inapoingia?

#36 Nyuki wa Tabora

Ndipo hapo hapo. Ukilipa amani kwa kila chifu mpya huku sarafu yako imeshuka thamani, siku inafika huna cha kulipa. Kwa hiyo mimi na Shungi tunaweza kuwa tunasema jambo moja.

#37 Shungi

Hatusemi jambo moja. Wewe unasema walikosa pesa, mimi nasema walikosa nguvu.